Gari Likiugua, Mama Azijue Dalili



Katika nyumba nyingi siku hizi gari limekuwa kama mtu wa familia. Ndilo linalowapeleka watoto shuleni, bibi kliniki, na sisi sote ibadani siku ya Jumapili. Mara nyingi ni gari lililokwisha kutumika miaka mingi huko Japani kabla ya kushushwa bandarini Dar es Salaam au Mombasa, nasi tukalinunua kwa akiba ya muda mrefu. Tunaliosha na kulitunza, lakini likianza kutoa mlio au moshi wengi wetu husema, "Hayo ni mambo ya Baba." Kumbe Baba yuko safarini, na aliyeshika usukani, watoto wakiwa kiti cha nyuma, ni wewe.

Mimi ni muuguzi, fundi ni mwingine. Hata hivyo kazi ya wodini hufundisha jambo linalofaa hata gereji: ugonjwa mkubwa mara nyingi hutanguliwa na dalili ndogo. Mwezi huu tuziangalie dalili za gari, hasa tatu ambazo ukiziona safari yapaswa kusimama, hata kama watoto wameshavalishwa na jirani anangoja lifti.

1. Injini kupata joto kali

Gari likipanda mlima mrefu kama Kitonga, au likikwama kwenye foleni mchana wa jua, injini hufanya kazi ngumu. Kama maji ya rejeta yamepungua, mpira umepasuka, feni haizunguki au mkanda umekatika, joto hupanda haraka. Tazama kipimo cha joto kwenye dashibodi. Magari mengi madogo ya Kijapani hayana mshale. Yana taa ya bluu, ambayo huwaka injini ikiwa bado baridi, na taa nyekundu, ambayo huwaka joto likizidi. Taa nyekundu ikiwaka, zima kiyoyozi, tafuta mahali salama pembeni, simama, zima injini. Usiseme, "Nyumbani si mbali." Kilomita chache za namna hiyo huweza kuunguza gasketi ya silinda hedi, na gharama yake ni kubwa kuliko kuvutwa hadi gereji.

Sasa sikilizeni vizuri. Usifungue mfuniko wa rejeta injini ikiwa ya moto! Maji yaliyomo humo yamebanwa, kwa hiyo huweza kupita nyuzi 100 bila kuchemka. Ukifungua tu, yanalipuka kama mvuke na kuruka usoni, shingoni na kifuani. Majeraha ya namna hii huletwa hospitalini, na mara nyingi aliyeungua alikuwa na haraka tu. Ngoja nusu saa au zaidi, mpaka mpira mnene wa juu uweze kuushika bila kuungua. Halafu funika mfuniko kwa kitambaa kizito, geuza uso pembeni, ufungue polepole. Usimimine maji baridi kwenye injini ya moto, kwani chuma huweza kupasuka.

Mtu akiungua, mwagia jeraha maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Mvue nguo na pete zilizo karibu na jeraha, isipokuwa kitu kilichogandamana na ngozi. Usipake dawa ya meno, mafuta wala asali. Jeraha la uso, la mikono, au la mtoto mdogo, lipeleke hospitalini siku hiyo hiyo.

Neno moja juu ya ile dawa ya rejeta ya rangi ya kijani au waridi, yaani kulanti. Wako wanaosema ni ya nchi za baridi tu, sisi tutie maji ya bomba. Kulanti huzuia kutu na husaidia maji yasichemke mapema, kwa hiyo hata kwetu ina kazi. Lakini ni sumu, na ina ladha tamu. Usiiweke kamwe kwenye chupa ya soda. Ifungie mahali mkono wa mtoto haufiki.

2. Breki kubadilika

Wewe unayeliendesha gari kila siku unaijua breki yake. Siku pedali ikishuka chini kuliko kawaida, ikawa laini kama sifongo, au ikizama taratibu unapoikanyaga, usiondoke. Huenda mafuta ya breki yanavuja au hewa imeingia. Mlio mwembamba unapokanyaga mara nyingi huonyesha pedi zimekaribia kwisha. Mkwaruzo wa chuma kwa chuma huonyesha zimekwisha kabisa. Gari likivuta upande mmoja unapofunga breki, nayo ni dalili.

Kwenye dashibodi kuna taa nyekundu ya duara yenye alama ya mshangao. Kwanza hakikisha breki ya mkono imeshushwa. Ikiendelea kuwaka, fungua boneti uangalie kichupa cha mafuta ya breki, kama yako kati ya alama ya chini na ya juu. Yakipungua, kuongeza peke yake hakutoshi. Lazima ijulikane yamekwenda wapi. Wala mtu asikuongezee maji au oili humo.

Mkiteremka mlima mrefu tumieni gia ndogo, msikanyage breki mfululizo. Breki iliyopata moto sana hulegea pale pale unapoihitaji.

3. Moshi kuingia ndani

Hii ndiyo ninayoiogopa kuliko zote, maana haina kelele. Ekzosi ikitoboka chini ya gari, moshi huweza kupenya hadi walipo watoto. Ndani ya moshi huo mna hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu, nayo hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hivyo mwili hukosa hewa ingawa mtu anapumua.

Dalili zake ni kuumwa kichwa, kichefuchefu, kizunguzungu na usingizi mzito. Mama huweza kudhani ni malaria, au ni uchovu wa safari. Kama watoto huumwa kichwa ndani ya gari na hupata nafuu wakishuka, lichunguze gari. Ukisikia harufu ya moshi au muungurumo mpya chini ya sakafu, fungua vioo vyote, simama, teremsha kila mtu. Aliyelegea au kuchanganyikiwa apelekwe hospitalini kwa chombo kingine. Na kamwe usiwashe injini ndani ya banda lililofungwa, hata kwa dakika chache.

Dalili nyingine kwa ufupi

Gari likisema "ka-ka-ka" bila kuwaka, betri huenda imeisha au vichwa vyake vimeota unga mweupe. Moshi wa bluu maana yake injini inakula oili; mweusi, petroli inazidi; mweupe mzito usiokoma injini ikishapata moto, huenda maji ya rejeta yanaingia ndani ya injini. Taa nyekundu yenye umbo la birika ikiwaka unapoendesha, simama mahali salama uzime injini mara moja. Kwenye tairi tafuta tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2319 maana yake lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi huweza kuonekana jipya kwa meno yake, kumbe ni zee.

Namna ya kuongea na fundi

Mgonjwa akifika na kusema, "Nipe dawa ya malaria," sisi humwuliza kwanza anajisikiaje. Fanya hivyo hivyo gereji. Usiseme, "Badilisha plagi." Sema, "Asubuhi linawaka kwa shida, likipata moto linatulia." Weka daftari dogo garini: tarehe, dalili, kilomita, kilichobadilishwa na bei. Omba uonyeshwe kipuri cha zamani kilichotolewa. Baba naye akirudi, mpe daftari asome.

Na siku utakapoona mojawapo ya dalili zile tatu, uwe na ujasiri wa kusema, "Leo hatuendi na gari hili." Wageni watanung'unika, mwenye sherehe atauliza mko wapi. Waache waulize. Daladala zipo, na sherehe nyingine zitakuja. Watoto wako ndio hawana wengine badala yao.

Hadi mwezi ujao, Mungu awalinde njiani.