Magunzi Si Takataka

Wananchi wa Nyakato, kila asubuhi twaona magunia ya mkaa yakishushwa, na kila jioni twaona akina mama wakinunua mkaa kwa kopo, kwa sababu fedha ya gunia hawana. Naye anunuaye kwa kopo hulipa zaidi kuliko anunuaye gunia zima. Huo ni ushuru wa umaskini, ijapokuwa haumo katika sheria yo yote.

Wakati huo huo, huko Magu, Misungwi na Kwimba, mahindi yakisha kupukuchwa, magunzi hubaki marundo uwanjani. Yasiyopikiwa huoza au hutiwa moto bure. Punje hufika kwetu mjini; moto wake huachwa nyuma. Sisi twasema jambo hili halifai.

Hesabu yake ni nyepesi. Kila kilo 100 za punje huacha karibu kilo 20 za magunzi. Nchi yetu huvuna zaidi ya tani milioni 5 za mahindi kwa mwaka. Basi magunzi yake hayapungui tani milioni moja. Na gunzi lililokauka sawasawa, joto lake lakaribia joto la kuni kavu. Lakini mkaa wa miti, ukichomwa katika tanuru la udongo la kawaida, kilo moja yaweza kula kilo 6 hata 10 za kuni.

Wazee wa Usukuma hawatashangaa. Palipokosa miti walipikia mabua, miti ya pamba na samadi kavu, na nyasi za malisho wakazihifadhi katika ngitili. Mpango wa HASHI ulioanza Shinyanga mwaka 1986 ulifuata desturi hiyo, na zaidi ya hekta 300,000 zikaota tena. Miti hiyo haikurudi ili iishie ndani ya magunia.

Huko Marekani wako watu wanaochoma punje zenyewe katika majiko ya kupasha nyumba joto wakati wa baridi. Mwaka 2005, mafuta yalipopanda bei, majiko hayo yaligombaniwa. Sisi hatutaki kuiga hilo. Nchi iliyopata kuonja njaa haichomi chakula. Punje ni ya ndani ya sufuria. Gunzi ni la chini yake.

Twajua gunzi bichi lina moshi mwingi na huisha upesi. Dawa yake yajulikana: huchomwa ndani ya pipa kwa hewa kidogo mpaka liwe mkaa, husagwa, huchanganywa na uji wa mhogo, hushindiliwa, kisha huanikwa juani. Mkaa huo nao, kama mkaa wo wote, usiwashwe katika chumba kilichofungwa, maana hewa yake huua. Mabua nayo yasizolewe yote; udongo na ng'ombe wanayahitaji.

Mwezi Mei 2024 Serikali ilitoa mkakati kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya wananchi wapikie nishati safi. Gesi hatuipingi. Lakini mtungi ukiisha na fedha ya kujaza haipo, mama hurudi kwenye kopo la mkaa. Huyo ndiye tunayemsemea.

Kwa hiyo twadai mambo matatu. Vyama vya ushirika vikusanye magunzi pale pale mahindi yanapopukuchwa. SIDO, shirika lililoundwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, lina mafundi hapa Nyakato. Watengeneze mashine za kushindilia zisizozidi uwezo wa kikundi cha akina mama. Na ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri inayotengwa kwa mikopo iwafikie akina mama hao, wauze mkaa wao kwa kilo, si kwa kopo.

Ndugu zetu viongozi, hotuba juu ya misitu tumezisikia za kutosha. Msimu ujao wa mavuno tutakwenda uwanjani kutazama marundo. Yakiwa bado yanawaka bure, tutajua ni nani hakufanya kazi yake.