Ugomvi wa Kriketi wa India na Australia: Shutuma Si Ushahidi

Katika miezi ya Februari na Machi mwaka 2023, India na Australia, mataifa mawili yenye nguvu kubwa katika mchezo wa kriketi, yalipambana katika michezo minne ya Test kwenye ardhi ya India. Kila mchezo wa aina hiyo huweza kuchukua siku tano, na mshindi wa mapambano ya mataifa hayo hutunukiwa kombe lenye majina ya mabingwa wao wa zamani, Allan Border na Sunil Gavaskar. India ilishinda michezo miwili, Australia ikashinda mmoja, na mmoja ukaisha bila mshindi.

Hata hivyo, tangu kabla ya mpira wa kwanza kurushwa, mashabiki wa pande zote mbili walikuwa wamekwisha kushikana mashati kwa maneno. Walibishana juu ya mambo mawili: hali ya uwanja na mwenendo wa wachezaji. Mabishano hayo yanastahili kuangaliwa na kila askari wa jeshi na wa polisi, kwani ndani yake limo swali ambalo mlinzi wa sheria hukutana nalo kila siku ya kazi yake. Je, mtu ahukumiwe kwa kuwa anashukiwa, au kwa kuwa umepatikana ushahidi?

Mchezo wa kriketi si mgeni katika Afrika Mashariki. Kenya ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2003, na Uganda ikashiriki kwa mara ya kwanza katika Kombe la Dunia la michezo mifupi mwaka 2024. Lakini kwa wale wasioufuatilia, yafaa kiini cha ugomvi kielezwe. Katikati ya uwanja pana ukanda wa udongo ulioshindiliwa, wenye urefu wa yadi 22, yaani mita 20 hivi. Mrushaji huutupa mpira ukadunda juu ya ukanda huo kabla ya kumfikia mpigaji. Ukanda ukiwa mgumu na wenye majani mabichi, mpira huja kwa kasi, na warushaji wenye mbio hunufaika. Ukiwa mkavu na wenye nyufa, mpira uliozungushwa kwa vidole hushika udongo ukageuka ghafla, na mpigaji asiyezoea hali hiyo hupotea. Mwenyeji ndiye auandaaye ukanda: yeye humwagilia maji, hukata majani na hushindilia udongo. Kila taifa huvutia upande wake, wala jambo hilo si kosa, mradi pawepo mizani ya haki kati ya mrushaji na mpigaji.

Mchezo wa kwanza ulianza tarehe 9 Februari mjini Nagpur. Siku chache kabla yake, picha za ukanda zilienea, na baadhi ya magazeti ya Australia yakadai kwamba sehemu fulani zilinyimwa maji makusudi ili kuwaumiza wapigaji wanaotumia mkono wa kushoto, ambao Australia ilikuwa nao wengi. Neno hila likawa midomoni mwa watu kabla mchezo haujaanza.

Matokeo yalisema nini? Australia ilipata mikimbio 177, kisha 91 tu. India, juu ya udongo ule ule, ilipata 400, na nahodha wake Rohit Sharma peke yake akapata 120. Mjini Delhi, katika mchezo wa pili, Australia ilimaliza siku ya pili ikiwa na mikimbio 61 na mpigaji mmoja tu ametolewa. Kesho yake asubuhi wapigaji tisa waliosalia walianguka kwa nyongeza ya mikimbio 52, na Ravindra Jadeja wa India akawatoa saba kati ya kumi wa zamu hiyo. Wengi wao walianguka kwa kujaribu kuufagia mpira kwa pigo la hatari lisilofaa hali ile. Ukanda ulikuwa mgumu kuchezea, hilo halikanushiki. Lakini uamuzi wa kupiga pigo lile haukutoka udongoni. Baraza la Kimataifa la Kriketi liliupa ukanda wa Nagpur na ule wa Delhi daraja la wastani. Askari aliyepelekwa vitani hutazama milima na mabonde yaliyopo na kupanga mbinu zake kulingana nayo. Aendaye kulaumu bonde huku risasi zinapita amekwisha kushindwa.

Jambo la pili lilizuka siku ile ile ya kwanza huko Nagpur. Picha za televisheni zilimwonyesha Jadeja akichukua kitu mkononi mwa mwenzake Mohammed Siraj na kukipaka kwenye kidole chake cha shahada. Mashabiki wa Australia walipaza sauti kwamba mpira unachafuliwa. Haikuchukua muda mashabiki wa India wakawakumbusha aibu ya Cape Town ya mwezi wa Machi mwaka 2018, pale Cameron Bancroft wa Australia alipokamatwa na kamera akiwa na kipande cha msasa cha kukwaruzia mpira. Mkuki kwa nguruwe, wahenga walisema, kwa binadamu mchungu.

Lakini haki haipimwi kwa kelele. Msimamizi wa mchezo, Andy Pycroft, raia wa Zimbabwe, aliuchunguza mkasa huo. Ilibainika kwamba kitu kile kilikuwa dawa ya kupunguza maumivu ya kidole kilichovimba, kwamba hakikupakwa mpirani, na kwamba hali ya mpira haikubadilika. Shutuma ya kuchafua mpira ikaanguka. Pamoja na hayo, Jadeja hakuachwa hivi hivi. Alikuwa ametumia dawa uwanjani bila kuomba ruhusa ya waamuzi. Alikiri kosa, akakatwa asilimia 25 ya malipo yake ya mchezo, akaandikiwa alama moja ya utovu wa nidhamu.

Hapo pana funzo lenye uzito. Msimamizi alitenganisha kosa alilodhaniwa mtu na kosa alilolitenda. Nia njema haikumwokoa mchezaji asiyefuata taratibu, wala hasira ya umma haikumwongezea adhabu ya kosa asilolifanya. Mkasa wa Cape Town nao ulihukumiwa kwa yaliyothibitika: Steve Smith, nahodha, na David Warner, msaidizi wake, walifungiwa na chama chao wenyewe kwa miezi 12, na Bancroft, aliyeushika msasa kwa mkono wake, kwa miezi tisa. Kijana aliyetenda hakusamehewa kwa sababu ya uchanga wake, lakini wakubwa waliompangia au waliofumba macho walibeba mzigo mzito zaidi.

Mchezo wa tatu ulipangwa kuchezwa Dharamsala, lakini nyasi za uwanja huo hazikuwa tayari, nao ukahamishiwa Indore katikati ya mwezi wa Februari. Hapa ndipo lawama za wageni zilipopata mashiko, na kwa njia isiyotazamiwa. India ilichagua kupiga kwanza ikaanguka kwa mikimbio 109. Siku ya kwanza walitolewa wapigaji 14, siku ya pili 16. Mrushaji Nathan Lyon wa Australia aliwatoa wanane katika zamu ya pili ya India, na asubuhi ya siku ya tatu Australia ikashinda huku ikiwa imepoteza mpigaji mmoja tu katika zamu yake ya mwisho. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Jambo la kutia moyo ni kwamba ushindi wa mgeni haukuuficha ubovu wa ukanda. Msimamizi Chris Broad aliandika kwamba ulikuwa mkavu mno na uliwapendelea warushaji wa kuzungusha tangu mwanzo. Ukapewa daraja la ubovu na alama tatu za adhabu, na kwa kanuni za wakati ule uwanja uliofikisha alama tano katika miaka mitano ulifungiwa kwa mwaka mzima. India ilikata rufani. Kamati ya rufani iliitazama upya filamu ya mchezo, ikakubali kwamba msimamizi alifuata mwongozo, lakini ikaona kwamba mipira iliyodunda isivyo kawaida haikuzidi kiasi cha kustahili daraja lile. Ukanda ukahesabiwa kuwa chini ya wastani, na alama zikapunguzwa zikabaki moja.

Wako mashabiki waliosema kwamba rufani ile ilikuwa upendeleo kwa taifa lenye fedha nyingi. Lakini katika masimulizi yote haya ni nani aliyeleta hoja zinazoweza kupimwa? Msimamizi alitoa sababu zake, na kamati ikatoa zake. Waliopiga kelele hawakutoa ila hasira. Hakimu awezaye kusahihishwa na aliye juu yake hapungukiwi heshima. Utaratibu wa namna hiyo ndio uwapao raia imani na hukumu.

Mchezo wa nne, mjini Ahmedabad, ulichezwa juu ya udongo uliotulia na ukaisha bila mshindi. Usman Khawaja wa Australia alipata mikimbio 180 na Virat Kohli wa India 186. Mwezi wa Juni mwaka huo huo timu hizo zilikutana tena jijini London kugombea ubingwa wa dunia wa michezo ya Test, kwenye ardhi isiyo ya yeyote kati yao, na Australia ikashinda kwa tofauti ya mikimbio 209. Kweli, jogoo la shamba haliwiki mjini.

Basi askari anapoitwa mahali penye ugomvi, akute umati unamnyoshea mtu mmoja kidole, na aukumbuke mkasa wa kidole cha Jadeja. Auulize umati umeona nini, si unadhani nini. Akipata kosa dogo, aliandike dogo. Akipata kubwa, aliandike kubwa, hata kama mkosaji ni wa upande wake.