Treni ikishafika, abiria apite wapi?

Mpango wa Shirika la Reli la Kenya wa kuunganisha kituo cha zamani cha Mombasa, pale mwisho wa Haile Selassie, na kituo cha SGR cha Miritini tunauunga mkono bila kusita. Tunapiga kelele mapema kwa sababu moja tu: kelele za baada ya uzinduzi hazina msikilizaji.

Tangu Madaraka Express, treni ya abiria ya SGR, ianze mwaka 2017, abiria wa kisiwani anashushwa zaidi ya kilomita 10 kutoka mjini. Treni ya usiku humtua Miritini kabla ya adhana ya alfajiri, ana mizigo, ana watoto wenye usingizi, na hapo aanze kupatana bei na dereva anayejua fika kuwa mteja wake hana pa kwenda. Tikiti ya daraja la kawaida ilianza kwa shilingi 700. Januari 2024 ikapandishwa hadi 1,500. Ongeza gari la kumfikisha nyumbani, na mtu wa mtaa wa Bondeni, kisiwani, amelipia safari moja mara mbili.

Hilo lilikuwa kosa la kuweka kituo pasipo watu. Sasa tunanusa la pili: kuirudisha treni penye watu, kisha kuwasahau watu wenyewe.

Kwa ramani, kutoka kituo cha zamani hadi Bondeni ni mwendo mfupi. Unafuata Haile Selassie, unakata Mwembe Tayari, unatokea Digo Road, umefika. Ujaribu saa kumi na moja jioni. Njia ya waendao kwa miguu imegawanwa na meza za viatu vya mitumba na bodaboda zinazongoja wateja. Palipobaki wazi, mtaro hauna kifuniko. Mama aliyemshika mtoto mkono anateremka barabarani. Matatu inarudi nyuma huku makanga akigonga bodi, tuktuk inajipenyeza ubavuni, na mbele ya mama huyo anakuja hamali na mkokoteni wa mitungi ya maji, ambao hata akitaka hawezi kuusimamisha ghafla. Hapo ndipo panapotakiwa kumwagwa abiria wa treni nzima kwa mkupuo mmoja.

Wakubwa watasema dawa ni kuwafagia wachuuzi. Dawa hiyo tunaijua. Asubuhi askari wa kaunti wanabomoa, jioni meza zimerudi, na hasara imebaki kwa mwenye viatu. Wachuuzi wako Mwembe Tayari kwa kuwa watu wanapita Mwembe Tayari, na treni itawaleta wengi zaidi. Ipimwe njia, uwekwe mpaka, wapewe vibanda upande mmoja wa barabara, na yote hayo yafanyike kabla ya abiria wa kwanza.

Miji mingine imeshatupa funzo. Addis Ababa ilifungua reli yake nyepesi mwaka 2015, ikapita katikati ya barabara kuu za jiji. Pale reli ilipopita usawa wa barabara, mitaa ilikatwa vipande, na aliyezoea kuvuka kwa hatua chache akaanza kuzunguka. Baadaye vipuri vikawa adimu, treni nyingi zikasimama. Dar es Salaam ilianza kinyenyekevu mwaka 2012: mabehewa ya kawaida juu ya njia ya zamani, Ubungo hadi Stesheni, wananchi wakaiita treni ya Mwakyembe kwa jina la waziri. Urembo haikuwa nao. Abiria ilikuwa nao, maana iliwashusha karibu na shughuli zao.

Wala Mombasa si mgeni wa reli mitaani. Mwanzoni mwa ukoloni, vigari vya kusukumwa kwa mikono vilitembea juu ya reli nyembamba kutoka Mji wa Kale hadi Kilindini. Hatuombi virudi: waliosukuma walitoka jasho, waliokaa chini ya turubai walipunga upepo. Lakini mabwana hao walihakikisha reli inawafikia hadi milangoni.

Barabara za kisiwa hiki zina wenyewe wengi, nyingine za kaunti, nyingine za mamlaka za kitaifa, na penye wenyewe wengi ndipo mtaro unapokosa kifuniko. Kwa hiyo Shirika la Reli na Serikali ya Kaunti wakae meza moja, walete mchoro mmoja, wauonyeshe kwa wakaazi wa Bondeni, Mji wa Kale na Majengo. Ukumbi wa Tononoka uko hapo karibu. Mchoro uonyeshe abiria atavukia wapi Mwembe Tayari, tuktuk zitangoja wapi, maji ya masika yataelekea wapi, na taa za njiani ni jukumu la nani. Na nauli itangazwe mapema, ikiwa kando ya ile ya matatu ya Miritini, ili mwenye watoto wanne ajue kama treni hii ni yake au ya wageni wa hoteli.