Bwawa la Kijiji

Wako watu wasemao ya kuwa bwawa lililo karibu na nyumba ni adui, yafaa lifukiwe. Maneno yao yana sababu. Mwaka 1897 Ronald Ross aligundua vijidudu vya malaria ndani ya mbu, na mbu hutaga mayai yake majini. Tena konokono wa maji hulea vijidudu vya kichocho, ambavyo hupenya ngozi ya mtu aogaye humo.

Lakini bwawa likiisha kufukiwa, ng'ombe watakunywa wapi wakati wa kiangazi? Na bustani zitanyweshwa kwa maji gani? Kosa si la maji, bali ni la uzembe wa watu.

Majani ya kandokando na yakatwe, maana ndimo wajifichamo viluwiluwi vya mbu; na perege wafugwe, kwani huwala. Ng'ombe wanyweshwe katika hori, wasije wakabomoa kingo. Matope yazolewe kabla ya mvua. Watoto wasiogelee humo, wala mtu asikojoe majini, kwa kuwa mayai ya kichocho hutoka katika mkojo na mavi.

Mara nyingi kila mtu humngoja mwenzake, kwa sababu bwawa ni la wote. Hatari hiyo yapita ile ya mbu. Kijiji chenye busara hupanga zamu, wakubwa kwa wadogo. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Naye aachaye ufa katika tuta la bwawa, mvua zikija atapoteza maji na bustani pamoja.