Kifaransa Kipitie Mlango wa Kiswahili

Mwanafunzi wa Kifaransa chuoni, afikapo kiwango cha kati, aghalabu hukwama, na lawama zote hutwikwa lugha yenyewe. Lawama hizo hazina mashiko. Tatizo ni kufunzwa kupitia Kiingereza pekee. Sentensi "il faut que tu partes" humtatiza anayeifasiri kwa Kiingereza, ilhali Kiswahili husema "lazima uondoke", kitenzi kikibadilika vivyo hivyo kuonyesha sharti. Upatanisho wa kijinsia nao haumshangazi aliyezoea ngeli. Isitoshe, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, iliyojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, huzitumia lugha zote mbili. Yafaa walimu wa Kifaransa na wa Kiswahili washauriane. Mwacha asili ni mtumwa. Aidha, huzisaka lugha za wenzake gizani.