Vita dhidi ya kunguru vianzie vijijini

Kila mpango wa kupambana na kunguru unapotangazwa hapa Pwani, macho huelekezwa Mombasa, Malindi na Watamu. Huko ndiko kunguru walikojaa, ndiko yaliko mahoteli, na ndiko malalamiko yanakosikika. Mimi ni mama mfugaji wa kuku wa kienyeji katika kijiji kilicho upande wa bara wa msitu wa Arabuko-Sokoke, Kaunti ya Kilifi, na nasema tunaanzia pasipofaa. Kunguru waondolewe kwanza huku kwetu, ambako bado ni wachache, kisha kazi isonge kuelekea mjini. Tukiendelea kufanya kinyume tutatumia fedha mwaka baada ya mwaka, na ndege huyu atazidi kuingia bara.

Hasara anayoleta mjini inajulikana. Ya shambani haisemwi sana, kwa hiyo niieleze.

Sisi wafugaji tumeishi na mwewe tangu enzi za mabibi zetu. Mwewe hushuka, akanyakua, akaenda zake. Na kuku akimwona angani hulia, vifaranga wakakimbilia chini ya mihogo. Kunguru huja wawili au watatu, wakatua chini kama wanaookota makombo. Mmoja humdonoa kuku mkiani mpaka ageuke kumfukuza, na hapo mwenzake huchukua kifaranga. Baada ya muda mfupi wanarudi kwa mwingine. Kuku aliyeangua vizuri anaweza kumaliza wiki akiwa na vifaranga wawili tu, au asiwe na hata mmoja. Mayai nayo huliwa yakiwa bado na joto la kuku aliyeyataga.

Watu hutushauri tufungie vifaranga. Tunafungia, wengine chini ya matenga, wengine katika vibanda vya wavu. Lakini faida ya kuku wa kienyeji ni kwamba hujitafutia: mchwa, mbegu, majani, makombo ya jikoni. Ukimfungia unamnunulia chakula, na bei ya chakula cha kuku inameza kile ambacho ungepata sokoni. Kwa akina mama wengi hapa kwetu kuku ndiye akiba. Huuzwa mtoto anapofukuzwa shule kwa sababu ya ada, au mgonjwa anapohitaji nauli ya kwenda hospitali. Kifaranga akiliwa, akiba hiyo imepungua.

Shambani ni vivyo hivyo. Mahindi yakiwa mabichi kunguru hupasua ganda kwenye ncha ya hindi na kudonoa punje, kisha maji ya mvua huingia na hindi lote likaoza. Njugu zilizopandwa jana hufukuliwa leo. Papai huliwa kabla halijaiva vizuri. Punda mwenye kidonda mgongoni hadonolewi mara moja akaachwa. Hurudiwa kila siku mpaka kidonda kikawa shimo.

Ndege wetu wa asili nao wanaumia. Minana, chozi na tetere hujenga viota karibu na nyumba, na kunguru huvipitia kimoja kimoja akila mayai na makinda. Hata kunguru wetu wa asili, yule mwenye shingo na kifua cheupe, amesukumwa kando katika miji mingi ya Pwani. Tukumbuke tuko jirani ya msitu gani. Arabuko-Sokoke ni makao ya bundi mdogo wa Sokoke, ambaye mbali na hapa anajulikana katika milima ya Usambara nchini Tanzania. Kaunti hii pia ndiyo makao pekee duniani ya mnana wa Kilifi. Kunguru hapendi msitu mnene. Anakaa alipo mtu. Lakini vijiji vimeuzunguka msitu, na kila kijiji kinachopata kunguru kinamsogeza karibu zaidi na viota vya kandokando ya miti ile.

Kunguru huyu mgeni amefikaje hapa? Kwao ni Bara Hindi na nchi jirani. Katika miaka ya 1890 utawala wa Waingereza Unguja ulileta ndege wachache ili wale taka za mji. Ilipofika 1917 ndege huyo alikuwa amekwisha kutangazwa kuwa mharibifu, na watu wakawa wanalipwa kwa mayai na makinda waliyopeleka. Hakukomeshwa. Mwaka 1947 alionekana Mombasa. Kutoka hapo amefuata bandari, kisha barabara, kisha masoko, na leo yuko pwani nzima na anaendelea kupanda bara. Katika kila kituo cha safari hiyo kulikuwa na wakati ambapo walikuwa jozi chache juu ya mwembe mmoja, na katika kila kituo wakati huo uliachwa ukapita. Kwa vijiji kama changu, wakati huo ni sasa.

Wako waliouwahi. Kunguru hawa walifika kisiwa cha Socotra, Yemen, kwa meli katika miaka ya 1990. Watu wa kisiwa waliondoa makinda viotani mwaka hadi mwaka, wakawazuia wasiongezeke, na mwaka 2009 wale 13 waliosalia wakauawa. Socotra ikawa safi. Uholanzi ndege wawili walishuka kwenye bandari ya Hoek van Holland mwaka 1994, wakazaana wakafika makumi machache, nao wakaondolewa. Nchi hizo mbili hazifanani kwa utajiri hata kidogo. Zimefanana kwa jambo moja: zilishughulika na kunguru akiwa bado anahesabika.

Jirani zetu wa Unguja walionyesha upande wa pili. Katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1990, kwa msaada wa Finland, kunguru walitegwa na kuwekewa sumu, na wakapungua sana mjini. Kisha ufadhili ukaisha, kazi ikasimama, na waliosalia wakazaa. Kunguru mmoja jike hutaga mayai matatu hadi matano, na mjini chakula hakimpungukii. Haikuchukua miaka mingi hali ikarudi ilikokuwa.

Mkulima aliyevamiwa na ndago hatumii nguvu zake zote pale zilipojaa, huku akiacha mashina machache yaliyochomoza upande ulio safi. Hung'oa hayo machache kwanza, na mizizi yake, ndipo arudi kwenye zilizosongamana. Mwezi Juni 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) lilitangaza mpango wa kuondoa kunguru milioni moja kufikia mwisho wa mwaka huo. Niliupokea kwa furaha, na bado nawashukuru kwa kulikubali tatizo hadharani. Lakini lengo la kuua milioni moja linampeleka ofisa mahali ambapo milioni wapo, yaani kwenye majaa ya miji. Halimpi sababu ya kuja kijijini kwa ajili ya jozi sita. Na jozi hizo sita ndizo, baada ya miaka michache, zitakazokuwa mji mwingine wa kunguru.

Njia ya kazi pia inabadilika ukitoka mjini. Sumu inayotumiwa inaitwa Starlicide. Ilitengenezwa Marekani kwa ajili ya kwenzi wa Ulaya, ndege mwingine mgeni, aliyeachiliwa katika bustani ya Central Park, New York, mwaka 1890, karibu wakati ule ule kunguru wa kwetu alipoletwa Unguja. Sumu hiyo huharibu figo za ndege, na huvunjika haraka mwilini mwake, kwa hiyo hatari kwa anayekula mzoga ni ndogo. Wataalamu huanza kwa kuweka nyama isiyo na dawa mpaka kunguru wazoee, kisha huweka iliyotiwa dawa, wakasimama hapo na kukusanya kila kipande kilichobaki. Kwenye jaa la mji hiyo ni njia nzuri. Katika ua wa kijiji, kuku na njiwa nao wanaweza kufa wakiila. Siwezi kuokoa vifaranga kwa kuua makoo.

Huku tunahitaji mikono, macho na mitego. Kunguru hujenga kiota kikubwa cha vijiti na nyaya juu ya mwembe, mwarobaini au mkorosho, na kinaonekana na kila mtu. Vijana wetu wanapanda minazi kila siku ya Mungu. Kupanda mwembe na kushusha kiota kabla makinda hayajaruka hakuwashindi. Kwa wakubwa, kizimba cha waya kinafaa: ndege huingilia juu akashindwa kutoka, na ndani huwekwa kunguru hai wa kuwavuta wenzake, mwenye maji, chakula na kivuli. Kizimba lazima kikaguliwe kila siku, na ndege mwingine yeyote aliyeingia aachiliwe. Kunguru ni mwerevu. Akimwona mwenzake anauawa hapo hapo, hatakaribia tena, kwa hiyo aliyenaswa ashughulikiwe mbali na macho ya kundi, upesi na bila mateso. Ndege huyu hakuomba kuletwa huku, na kumtesa hakurudishi kifaranga hata mmoja.

Kuna jambo naliomba kwa majirani zangu kwa moyo wote: msitie dawa za shambani kwenye nyama. Najua hasira ilivyo mtu anapookota manyoya ya vifaranga uani. Lakini nyama hiyo italiwa na mbwa wa jirani, tai na tumbusi, na mtoto mdogo anaweza kuishika akatia mkono mdomoni. Dawa hizo hazichagui.

Tangu uwindaji upigwe marufuku nchini mwaka 1977, sisi wa kando ya msitu tumejua kwamba kumgusa mnyama wa porini kunaweza kukufikisha kortini. Hofu hiyo imeulinda msitu na sitaki iondoke. Lakini ndiyo sababu watu wengi huku wanamwogopa askari wa wanyamapori kuliko wanavyomwogopa kunguru, na wanaviacha viota juu ya miti yao. Wanahitaji ofisa aje barazani, aeleze kwa Kigiriama na kwa Kiswahili ni ndege gani anaruhusiwa kuondolewa na nani ataiongoza kazi. Aonyeshe pia picha za kunguru wote wawili, mgeni mwenye shingo ya kijivu na mwenyeji mwenye shingo nyeupe, ili mwenyeji asiuawe kwa makosa ya mgeni.

Wapo wanaosema kunguru hutusaidia kusafisha mazingira. Hiyo ndiyo hoja iliyomleta Unguja, na jibu lake tumeliona kwa miaka zaidi ya mia. Taka za soko zinaondolewa na gari la kaunti na shimo lililofunikwa. Matumbo ya samaki na ya kuku yakiachwa wazi nyuma ya vibanda, tunamlisha adui yetu kwa mikono yetu. Wapo pia wanaosema ni kiumbe cha Mungu, tumwache. Wazee wangu Waislamu wananikumbusha kwamba kunguru ametajwa katika hadithi za Mtume miongoni mwa viumbe watano wanaoruhusiwa kuuawa kwa madhara yao, hata na mtu aliyevaa ihramu. Nami naongeza kwamba mnana na chozi nao ni viumbe vya Mungu, na wao hawana wa kuwatetea isipokuwa sisi.

Kwa hiyo naiomba KWS na serikali za kaunti za Pwani zifanye mambo matatu. Kwanza, zichore mpaka wa nje wa kunguru kwa msaada wa machifu na walimu wa shule za msingi, maana kila kijiji kinajua kama kina kiota au hakina. Pili, zifunze kikundi kimoja katika kila kata ya mpakani, kipewe vizimba na namba ya simu ya ofisa anayepokea. Tatu, bajeti ya kazi hii iwe ya kila mwaka, kama ya chanjo ya mifugo, isitegemee mfadhili mmoja na mradi mmoja.

Na malipo yasiwe kwa kila kunguru aliyekufa. Ukilipia mizoga, mtu ana sababu ya kuacha kiota kimoja ili avune tena mwakani. Kikundi kilipwe kwa kijiji kisicho na kiota, kikikaguliwa baada ya msimu wa kutaga. Hapo kijana atamfuatilia kunguru wa mwisho kwa bidii ile ile aliyomfuatilia wa kwanza, kwa sababu asipomwondoa huyo wa mwisho hapati chochote.

Mara nyingine ofisa akisimama mbele ya wanahabari kusoma idadi ya kunguru waliouawa, naomba mwanahabari mmoja amwulize: ni vijiji vingapi sasa havina hata kiota kimoja, na vilikuwa vingapi mwaka jana? Ofisa akiwa na jibu la swali hilo, nitaamini kwamba kazi imeanza.