Kwa Vijana Wetu: Atanguliaye Hulowa Umande

Kila aliyepita alfajiri katika njia ya majani marefu anajua jambo hili: yule atanguliaye hulowa umande, nao wamfuatao hupita pakavu. Ndivyo ilivyo hata katika mbio. Leo tutazame maisha ya mtu mmoja aliyekubali kulowa, ndiye Filbert Bayi wa Tanzania.

Bayi alizaliwa mwaka 1953 huko Karatu, upande wa kaskazini wa nchi hiyo. Alijulikana hasa kwa mbio za mita 1,500. Katika mbio hizo wengi hujificha nyuma ya wenzao, huwaachia upepo, hutunza nguvu, kisha huchomoka karibu na mwisho. Bayi hakufanya hivyo. Mara tu bastola ilipolia alishika mbele, na atakaye amfuate. Kwa namna hiyo, mwaka 1973 huko Lagos, katika Michezo ya Afrika, alimshinda hata Kipchoge Keino wa Kenya, bingwa wa Olimpiki wa mwaka 1968.

Tarehe 2 Februari 1974 alikimbia huko Christchurch, New Zealand, katika michezo ya Jumuiya ya Madola. Wenyeji walimtumainia kijana wao, John Walker. Bayi, mwenye umri wa miaka 20, alitangulia tangu mwanzo hata mwisho, akafika kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Rekodi ya dunia ya Mmarekani Jim Ryun, dakika 3 na sekunde 33.1, iliyodumu tangu mwaka 1967, ikavunjika. Lakini angalieni neno hili: Walker, aliyefika wa pili, naye aliipita alama ya Ryun. Aliyetangulia alikuwa amewavuta wenzake.

Mwezi wa Mei 1975, huko Kingston, Jamaika, Bayi aliivunja na rekodi ya maili, kwa dakika 3 na sekunde 51. Mwezi wa Agosti mwaka uleule Walker akaivunja kwa dakika 3 na sekunde 49.4. Basi watu wakangoja kuwaona hao wawili pamoja katika Olimpiki ya Montreal, mwaka 1976.

Hawakuonana. Timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini, ambako serikali iliwanyima watu weusi haki zao kwa sababu ya rangi. Nchi za Afrika zilidai New Zealand iondolewe katika michezo, hazikusikilizwa. Ndipo zaidi ya nchi 20 zikajitoa, na Tanzania ilikuwa mojawapo. Walker alitwaa medali ya dhahabu. Wakubwa ndio waliotoa neno, lakini gharama yake waliilipa vijana waliojitayarisha kwa miaka mingi. Bayi alikuwa na miaka 23, umri ambao mkimbiaji hawezi kurudishiwa.

Mwaka 1980 huko Moscow alikimbia mbio nyingine, mita 3,000 za kuruka vizuizi na maji. Akatangulia tena, tena mbali sana, mpaka katika mzunguko wa mwisho Bronisław Malinowski wa Poland alipompita. Bayi akapata medali ya fedha. Katika michezo hiyo Suleiman Nyambui naye alipata ya fedha katika mita 5,000. Hizo ndizo medali za kwanza za Tanzania katika Olimpiki, na hata baada ya michezo ya Paris ya mwaka 2024 hakuna nyingine iliyoongezwa.

Alipoacha mbio hakukaa kuhesabu alichokosa. Pamoja na mkewe Anna alianzisha shule, ambazo zilikua huko Kibaha, karibu na Dar es Salaam.

Enyi wanafunzi, katika kazi yoyote njema lazima awepo wa kwanza kuingia majanini. Huenda mwingine akafika kabla yake mwishoni. Hata hivyo njia imekwisha kufunguliwa.